Sindano Isiyotetemeka

Mwenzenu akisahau kufunga vali, au akiacha spana juu ya mtambo, mnamwambia, "Usiwe Hamisi." Nimewasikia. Mnacheka, aliyekosea naye anacheka, kazi inaendelea. Wengi wenu hamjui Hamisi alikuwa nani. Kwenu ni jina la kuonyea tu, kama mtoto anavyotishiwa zimwi.

Msemo huo sikuubuni mimi, ila mimi ndiye niliyeulisha mpaka ukanenepa. Kila darasa jipya lilipoingia, niliwasimamisha mbele ya mtambo nikawasimulia habari za Mzee Hamisi, msimamizi mzembe, aliyeruhusu jaribio lifanywe na mirija imeziba mpaka Injinia Nekesa akapoteza macho yote mawili. Nilikuwa msimulizi mzuri. Mara nyingine nilitoa machozi, na hayakuwa ya kuigiza.

Sasa nimestaafu, niko shambani kwangu Kiminini, na mkuu wa karakana yenu amenipigia simu. "Mzee Wafula, waandikie vijana kidogo. Mambo ya kazi. Na vichekesho usisahau, bana." Vichekesho vipo, nitavitoa. Lakini nimeshika kalamu kwa jambo moja: nataka kulitoa jina la Hamisi vinywani mwenu. Kisa nilichowasimulia kilikuwa cha uongo, na mwongo alikuwa mimi.

Nivumilieni nianze na kazi yenyewe, kwa sababu bila kazi hamtaelewa uongo ulipata wapi mahali pa kujificha.

Niliingia pale Kitale nikiwa fundi wa kuchomelea, sijui ndege inavyopaa wala sitaki kujua. Karakana ilikuwa ghala kuukuu la mahindi. Katikati yake palikuwa na sanduku refu la mbao, feni kubwa upande mmoja, upande wa pili wazi. Hilo ndilo handaki la upepo. Ndani yake ndege haiendi popote. Bawa dogo la mbao linafungwa mahali pamoja, hewa ndiyo inayokimbia. Mzee Hamisi alinieleza hivyo siku ya kwanza nami nikamwona kichaa. Alikuwa mtu wa mjini, nyumba yake karibu na msikiti, mwembamba, kofia yake nyeupe haijawahi kupata doa la grisi hata siku moja. Mimi nilikuwa na grisi mpaka masikioni.

"Wewe Wafula," aliniambia, "hewa haionekani. Kazi yako ni kuifanya ionekane."

Basi nikajifunza. Nilibandika vipande vya uzi wa sufu juu ya bawa, safu kwa safu. Hewa ikipita vizuri, nyuzi zinalala zote upande mmoja. Ukiinua pua ya bawa kupita kiasi, nyuzi za nyuma zinaanza kucheza, nyingine zinageuka kutazama mbele, na hapo unajua kwamba ndege ya kweli ingekuwa inaanguka. Uzi wenyewe niliufumua kwenye sweta la mtoto wangu wa kwanza. Mke wangu alipogundua alinijia karakana mchana kweupe, akamwamkia Mzee Hamisi kwa heshima zote, kisha akalifungua handaki na kuanza kubandua nyuzi moja moja. Jaribio la wiki mbili liliishia mfukoni mwa rinda lake. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Nyuzi zikishindwa, tulisaga chaki tukaichanganya na mafuta ya taa, tukapaka bawa, tukawasha feni. Mafuta yakikauka, chaki inabaki na michoro ya njia zote hewa ilimopita. Ukizidisha mafuta, unapata uji. Ukipunguza, unapata ukuta uliopakwa chokaa. Kipimo hakimo kitabuni. Chovya kidole, kigeuze chini, uhesabu hadi tatu. Tone likianguka kabla ya tatu ongeza chaki. Nyinyi siku hizi mnalichora bawa kwenye kompyuta na hewa inajipaka rangi yenyewe, nyekundu na buluu. Sina ugomvi na hilo. Ila chovyeni kidole hata mara moja.

Makosa nimefanya mengi. Niliwahi kusahau bisibisi ndani ya handaki. Feni ilipofika kasi yake, ile bisibisi ilinyanyuka ikapita katikati ya bawa tulilokuwa tumelichonga na kulipiga msasa kwa wiki tatu. Nilitegemea kufukuzwa. Mzee Hamisi alilitazama lile tundu, akaniambia, "Angalau leo umeifanya hewa ionekane." Halafu akanipa msasa, nikaanza upya. Kosa langu lilikuwa langu, nalo lilikwisha siku ile ile. Natamani ningejifunza hilo badala ya kujifunza msasa.

Baadaye ukaja mtambo wa pili, ule tulioupa jina la Jiko. Mnaujua, ingawa wenu ni mpya. Lilikuwa bomba la chuma nene, refu kupita mtu, la kuchunguzia mwako wa injini za mwendo kasi. Hewa ilitoka kwenye matangi ya nje, ikapashwa moto, ikakimbizwa ndani ya bomba. Mafuta yakanyunyizwa humo, spaki ikawasha. Kuwasha si kazi. Kazi ni kuufanya moto ukae, kwa maana hewa inapita kwa kasi ya kuung'oa, na hii hewa yetu ya Kitale ni nyepesi kuliko ya nchi za chini. Moto ulizimika mara kumi kwa siku.

Aliyeletwa kuuchunguza moto huo alikuwa Injinia Nekesa, binti wa Bumula kule Bungoma, mdogo kwangu kwa miaka mingi na bosi wangu toka siku ya kwanza. Alikuwa na mdomo. Nikisema kitu hakiwezekani, alijibu, "Si uko na mikono, Fundi? Jaribu." Aliupenda moto kama watu wengine wanavyopenda mpira. Jiko lilikuwa na kidirisha cha kioo kinene ubavuni, na moto ulipokubali kukaa aliinama pale akautazama huku akiongea peke yake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Moto ukizimika ghafla, mafuta yanabaki bombani yakiwa mvuke. Ukiwasha spaki papo hapo, Jiko linakuwa bomu. Kwa hiyo sheria ilikuwa kufunga mafuta, kuacha hewa ipite, kuhesabu hadi sitini polepole, ndipo uwashe. Nekesa ndiye aliyekuwa akihesabu. Na tutajuaje kama hewa inapita? Kompresa inanguruma nje, masikioni tumevaa vifuniko, hakuna anayesikia kitu. Tulitegemea geji moja, iliyounganishwa na mrija mwembamba kama mrija wa soda uliochungulia ndani ya bomba, tundu lake likitazama upepo unakotoka.

Mrija huo ukiziba, presha inanaswa ndani. Hewa inaweza kukata kabisa na sindano ikabaki pale pale, inakudanganya. Mzee Hamisi alinifundisha siri yake. "Hewa hai haitulii," alisema. "Sindano ya kweli hutetemeka kidogo. Ukiiona imetulia, usiiamini." Na kila Jumatatu asubuhi nilipaswa kupuliza mirija yote kwa pampu ya baiskeli, kisha niandike kwenye daftari, "Mirija imepulizwa, sawa," na kutia saini. Yeye alitia alama yake chini ya yangu. Hakuwa akirudia kukagua. Alikuwa akisema, "Wafula akisema amepuliza, amepuliza."

Nakuja kwenye mahindi. Nyinyi ni wa huku, mnajua mvua za mavuno. Unavuna, unakoboa, na jua halitoki wiki nzima. Mahindi yanashika ukungu, na ukungu huo ni sumu. Hamtaki kumpikia mtoto uji wa mahindi hayo. Nasi tulikuwa na mtambo unaotoa hewa ya moto. Ilianza kwa mlinzi, debe moja. Ikawa desturi: kila Jumamosi ya msimu wa mavuno, wafanyakazi walileta magunia, tukatandaza mahindi juu ya vichanja vya wavu, tukawasha hewa ya moto bila mafuta, na kufikia saa saba yamekauka yanalia yakimwagwa. Mzee Hamisi aliruhusu kwa sharti moja: vichanja vikae nje ya mdomo wa Jiko, kamwe visiingizwe ndani. Hakueleza sababu kwa sababu kila fundi aliijua. Mahindi yana makapi, ile ngozi nyepesi ya kwenye kitovu cha punje, na makapi yanaruka.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga moja kwa moja mdomoni mwa Jiko. Magunia yangu manne yalikuwa yameanza kunuka. Nilimwambia mwenzangu, "Mahindi yangu inaoza hivi naona." Akanijibu, "Si uingize tu ndani? Nani atajua?" Sitamtaja, amekwisha kufa, na mikono iliyoingiza vichanja ilikuwa yangu. Niliviweka ndani kabisa, mbele ya mrija. Yakakauka vizuri ajabu.

Jumapili niliyapeleka nyumbani. Jumatatu nilichelewa kufika, nikamkuta Nekesa ameshavaa vifuniko, Mzee Hamisi yuko nje kwenye matangi. Pampu ya baiskeli ilikuwa imening'inia ukutani, hatua sita kutoka nilipokuwa. Nililivuta daftari nikaandika, "Mirija imepulizwa, sawa." Nikatia saini. Niliwaza kwamba nitapuliza wakati wa chai. Mzee aliingia mara moja, akaiona saini, akatia alama yake chini, akarudi kwenye matangi.

Moto uliwaka vizuri, ukakaa kidogo, ukazimika. Nilifunga mafuta. Nekesa akaanza kuhesabu kwa vidole, akinionyesha kila kumi. Hatukujua kwamba vali kubwa ya hewa ilikuwa imejifunga. Ndiyo maana mvuke wote ulikuwa umelala bombani unasubiri. Sindano ilikuwa imesimama palepale. Niliiona. Niliona imetulia tuli, na nikajisemea moyoni, leo Jiko liko vizuri. Nekesa alifika sitini, akabonyeza spaki, akainama kwenye kidirisha.

Sitaeleza mlio. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa vali nikatoka bila mkwaruzo. Kioo chote kilikuwa usoni mwake. Alikuwa akisema, "Zima hewa, Fundi, zima hewa," na hewa haikuwapo.

Walipombeba kwenda hospitali nilibaki peke yangu karakana. Nilikwenda kwenye daftari nikaung'oa ukurasa ule, nikaukunja nikautia ndani ya soksi. Nimewahi kujiambia kwamba sikuwa na akili timamu wakati ule. Nilikuwa nayo. Nilipasua polepole ili pasibaki kipande.

Kamati ilikaa. Ilikuta mrija umejaa makapi. Kila mtu pale karakana alikuwa amekausha mahindi, na kila mtu aliangalia viatu vyake. Mzee Hamisi alisema ni kweli, yeye ndiye aliyeruhusu, lakini vichanja vilikuwa vikae nje, na mirija ilipulizwa asubuhi ile, alikuwa ameona saini na kutia alama yake. Wakafungua daftari. Hakuna ukurasa. Wakanigeukia. "Fundi Wafula, ulipuliza?"

Nilisema, "Nilikuwa nataka kupuliza. Mzee alituhalakisha."

Hivyo ndivyo nilivyotamka, maana nikiogopa ulimi wangu wa nyumbani unarudi wote. Mzee Hamisi aligeuza kichwa akanitazama jinsi alivyozoea kutazama geji, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kama natetemeka. Nilikuwa nimetulia tuli.

Alifukuzwa. Mimi nikapewa nafasi yake. Alifungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji nyuma ya soko, na kila tulipokutana alinisalimu yeye kwanza. "Fundi Wafula, watoto hawajambo?" Hawajambo, Mzee. Hakuna siku aliyosema neno zaidi ya hilo. Alikufa mwaka niliostaafu. Nilisimama barabarani jeneza likipita na sikuthubutu hata kutia bega.

Baada ya mazishi hayo ndipo nilipoutoa ukurasa kwenye mkebe wa majani chai nilimouficha, nikaenda Bumula.

Nekesa anaishi kwenye boma la wazazi wake. Anafuga kuku, na binti yake Naliaka, ambaye sasa ni mwanamke mzima, anamsaidia. Nilimkuta amekaa kibarazani, uso umeelekea njia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Injinia. Wafula. Wafula wa Jiko."

"Fundi! Bana, si nilidhani ulishakufa! Keti. Naliaka, letea mgeni chai."

Nilikaa. Nilisema, "Injinia, nimekuja na maneno."

"Hata mimi niko na maneno yako," alisema. "Wacha nianze, maana hii yangu imenikalia miaka mingi. Nimesikia Mzee Hamisi amekufa. Ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Basi nimechelewa. Fundi, ati watu wanasema ni Mzee aliniharibu. Si Mzee. Ni mimi. Nilihesabu haraka."

Sikuelewa mara moja.

"Ile sitini," alisema. "Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, nilitaka tuwashe tena mara mbili kabla ya chai. Nilihesabu mbio. Kila siku nahesabu, muulize Naliaka. Ananishikia saa ya simu. Nikifika sitini, dakika haijaisha. Nafika mbele sekunde mbili, tatu. Kila siku, Fundi. Mtu kama mimi hangefaa kupewa hiyo kazi. Nikamnyang'anya mzee wa watu kazi yake, na mimi ndio nilihesabu vibaya."

Naliaka alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Alitikisa kichwa kuniambia ndiyo, kila siku.

Vijana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa panga. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Ungehesabu hadi mia tano, Injinia," nilimwambia. "Hakukuwa na hewa. Mrija uliziba. Ni mahindi yangu, niliweka ndani. Na sikupuliza. Niliandika nimepuliza, na sikupuliza."

Nilimpa ukurasa. Aliushika kwa vidole, akafuata ule ukingo uliopasuka, juu hadi chini. Akanirudishia. "Soma," alisema.

"Mirija imepulizwa, sawa. Wafula."

"Na alama ya Mzee iko?"

"Iko hapa chini."

"Na sindano? Ulikuwa unaiona. Ilikuwa inatetemeka?"

"Haikuwa inatetemeka."

Kuku walikuwa wanachakura uani. Aligeuzia uso mlangoni. Kisha akaita, "Naliaka, umesikia? Mama yako alihesabu vizuri." Akayarudia maneno hayo mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Halafu akanigeukia mimi, si mahali nilipokuwa hasa, kando kidogo.

"Macho ningekusamehea, Fundi. Hiyo ni ajali ya kazi. Lakini hii hesabu ya kila siku..." Akaelekeza kidole njiani. "Naliaka, msindikize mgeni barabarani."

Chai niliiacha pale. Naliaka alinifikisha barabarani, akageuka akarudi.

Kesho yake nilikwenda Kitale, nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Mama Zuhura, alinisikiliza nikiwa nimesimama nje ya mlango. Nilipomaliza aliniuliza kama huko karakana bado mnasema lile neno. Nikamwambia mnalisema. Akasema, "Ulilolitia midomoni mwa watu, nenda ukalitoe. Mimi sina lingine na wewe." Akafunga mlango.

Ndiyo maana mnasoma haya badala ya vichekesho. Ukurasa wenyewe nimeubandika hapo chini, mkauone kwa macho yenu: mwandiko ni wangu, saini ni yangu, na ile alama ndogo iliyonyooka ni ya mtu aliyeniamini. Pampu ya baiskeli bado iko ukutani, itumieni. Na mwenzenu akitia saini kazi ambayo hakuifanya, mwonyeni, msimwonee haya. Mwambieni, "Usiwe Wafula."